UZI: Kioo janja kwa hewa ya Pwani, kuanzia kioo chenyewe hadi stima ikirudi

#1 FundiVioo_Tudor

Salaam wadau. Maelezo mengi ya kioo janja yaliyoko mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi baridi na kavu. Ukiyafuata yalivyo hapa Mombasa, kioo kitapendeza kwa muda, kisha pembe zitaanza kuwa nyeusi, ubao utavimba, na siku stima ikikatika vibaya kadi ya kumbukumbu itakufa. Uzi huu ni wa kitu kitakachodumu kwenye chumvi na unyevu wetu. Mimi naanza na kioo, wa stima na wa programu watakuja.

Kioo janja ni skrini iliyokaa nyuma ya kioo kinachorudisha sehemu ya mwanga na kupenyeza sehemu iliyobaki. Panapokuwa na giza nyuma unajiona, panapowaka herufi nyeupe zinapenya. Kwa hiyo kioo cha kawaida cha dukani hakifai: mgongo wake una tabaka la fedha na rangi juu yake, mwanga haupiti hata kidogo.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kioo halisi kilichopakwa kiwandani, kikirudisha karibu asilimia 70 na kupenyeza 30. Ya pili ni akriliki ya kuakisi. Ya tatu ni kioo cheupe cha dirisha, milimita 4, ukakibandika karatasi ya tinti ya kuakisi kama zile za madirisha ya ofisi.

Piga hesabu ya mwanga kabla ya kununua. Monita ya ofisini hutoa niti 250 hivi (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini). Ikipita kwenye kioo cha asilimia 30, jicho linapata 75. Chumbani zinatosha. Sebuleni mbele ya dirisha linalotazama bahari hazitoshi, herufi zitamezwa. Usikitundike kioo kikitazamana na dirisha. Kiweke ukuta wa ubavuni, dirisha likiwa kulia au kushoto kwako. Na usichague tinti nyeusi sana kwa kuvutiwa na jinsi inavyoakisi: ikipenyeza asilimia 10, niti 250 zinakuwa 25.

Ukiletewa kioo na hujui upande uliopakwa, gusisha ncha ya ukucha. Ukucha ukikutana na taswira yake bila pengo, huo ndio upande wenye utando, nao ndio unaomtazama mtu. Pengo likionekana, geuza.

#2 kijana_wa_Makupa

Fundi, akriliki si ndiyo nyepesi na haivunjiki? Kwa nini watu wengi hapa wanaikwepa?

#3 FundiVioo_Tudor

Nyepesi kweli. Kipande cha sentimita 60 kwa 40 cha kioo cha milimita 4 ni kilo 2.4, akriliki ya milimita 3 ya ukubwa huohuo haifiki hata kilo moja. Kwa nyumba yenye watoto ina maana.

Shida ni kwamba inacheza. Mita moja ya akriliki joto likipanda nyuzi 20 hurefuka karibu milimita 1.4, tena hunywa unyevu. Ukiibana pande zote ndani ya fremu haina pa kwenda, inabenuka, na uso wako unakuwa wa kuchekesha. Iache nafasi ya milimita 2 kila upande, na usitie gundi pembeni; ishikwe na vibanzi tu. Kwa kioo kirefu cha mwili mzima usijaribu chini ya milimita 5.

Kuisafisha: kitambaa laini na maji ya sabuni. Spiriti na dawa za madirisha zenye amonia huipasua vinyufa vidogo vidogo ambavyo haviondoki tena.

Ukiamua tinti juu ya kioo cha dirisha, mpelekee fundi wa tinti za magari, ana mkono. Wa kujifanyia nyumbani: osha kioo mara mbili, mara ya pili kwaruza kwa wembe bapa, changanya maji lita 1 na matone machache ya shampuu, lowesha kioo na upande wa gundi, bandika, kisha sukuma maji kutoka katikati kwenda nje. Zima feni, vumbi ndilo adui. Acha milimita 2 pembeni bila tinti. Ukungu utakaouona ni maji yaliyobaki, upe siku kadhaa ukauke, na kwa unyevu wetu usishangae ukichukua wiki. Tinti ikae upande wa skrini, sio upande wa watu, maana hukwaruzika.

#4 Stima_Kibokoni

Nichukue skrini na umeme.

Kioo kikisimama wima, monita unailaza ubavu. Hapo aina ya skrini ndiyo kila kitu. Zile za bei ya chini za TN hazipendi kutazamwa kutoka juu au chini. Ukizisimamisha, juu-na-chini inakuwa kushoto-na-kulia, na ukipita mbele yake rangi zinageuka. Tafuta IPS au VA. Mimi nachagua VA: weusi wake ni mzito zaidi, tofauti ya mweupe na mweusi huwa kama 3000 kwa 1, IPS ni kama 1000 kwa 1. Usiku taa zikizimwa, skrini ya IPS inaonyesha mstatili wa kijivu nyuma ya kioo, na ndoto yote ya kioo inaisha hapo.

Skrini ya laptopu mbovu nayo yafaa, ila soma namba iliyoandikwa mgongoni mwake kabla ya kuagiza bodi ya kuiendesha. Kuna aina mbili za kiunganishi, za mkanda wa LVDS na za eDP zenye pini 30, haziingiliani. Skrini za zamani sana zenye taa ya mrija huhitaji na kigeuza-umeme chake, achana nazo. Bodi hizo nyingi hutaka volti 12, ampea 2. Inchi 15.6 inakupa eneo la milimita 345 kwa 194, inchi 24 ni 531 kwa 299.

Jaribio moja kabla ya kulipia monita ya mkono wa pili: iwashe, ichomoe kwenye soketi, ichomeke tena. Ikirudi yenyewe, nunua. Ikingoja ubonyeze kitufe, iache dukani. Stima yetu ikikatika, nani ataingiza kidole nyuma ya fremu?

Kompyuta: Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja, huhifadhi kila kitu kwenye kadi ya kumbukumbu) inatosha kabisa, Pi 3 yatosha kwa saa na hali ya hewa. Pi Zero 2 W ina megabaiti 512 tu za kumbukumbu, itakohoa. Pi 4 hutaka volti 5 ampea 3, Pi 3 ampea 2.5. Chaja ya simu na waya mrefu mwembamba ndio ugonjwa wa kwanza: volti zikishuka chini ya 4.63, bodi inajipunguza kasi na alama ya radi inatokea skrinini. Andika `vcgencmd get_throttled`. Ukipata `0x0` uko salama. Ukipata `0x50000`, volti zilishuka wakati fulani tangu iwashwe. Badilisha waya kabla hujabadilisha chaja.

Matumizi: monita wati 25 na Pi wati 5, vikiwaka mchana na usiku ni uniti 0.72 kwa siku. Skrini ikiwaka saa 6 tu na Pi ikibaki hai, zinashuka hadi 0.27. Kwa mwezi hiyo ni tofauti ya uniti 13 na ushei.

Weka pia kile kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha stima dakika chache ikirudi. Stima yetu hurudi kwa kurukaruka, na huko kurukaruka ndiko kunakoua kadi.

#5 Seremala_Likoni

Mmesahau fremu. MDF, ubao wa unga wa mbao uliobanwa, na hewa ya bahari haviishi pamoja. Pembe hunywa unyevu, huvimba, skrubu hupoteza meno. Tumia mvule uliokauka au fremu ya alumini kutoka kwa mafundi wa madirisha. Ukilazimika plaiwudi, chagua ile ya baharini na upake vanishi hata kwenye kingo na ndani.

Kina cha fremu milimita 75 kinatosha monita iliyovuliwa ganda lake na Pi nyuma yake, ukitumia kichwa cha HDMI kilichokunjwa. Toboa matundu chini na juu, joto lipande litoke. Bila matundu ya juu Pi 4 inafika nyuzi 80 na kujipunguza kasi. Wavu wa mbu juu ya matundu, sisimizi na mijusi kafiri hupenda joto hilo.

Panapobaki kati ya skrini na fremu pawe peusi tii: kitambaa cheusi kizito au vinili nyeusi. Mwanga ukipenya kutoka ukutani utaona mbao ndani ya kioo. Skrini isigusane na kioo. Zungusha tepu ya povu ya milimita 1 kwenye kingo. Vikigusana hutokea mabaka ya rangi kama mafuta juu ya maji. Ukizidisha milimita 3, herufi huanza kuonekana zimezama shimoni.

Ukuta wa Mji wa Kale ni matumbawe na chokaa, plagi ya plastiki hutoka na kipande cha ukuta. Tafuta jiwe lenyewe chini ya lipu, tumia skrubu ndefu za chuma kisichoshika kutu, zisipungue nne, na mzigo uugawe kwa ubao mlalo. Drili iwe bila kugonga.

#6 Bint_Bamburi

Ahsanteni kaka zangu. Mimi nina saluni, viti vitatu. Wateja waone mitindo na bei wakiwa wamekaa. Nitengeneze vioo janja vitatu vizima?

#7 FundiVioo_Tudor

Usifanye hivyo dadangu. Kioo cha saluni kazi yake ya kwanza ni kuonyesha rangi ya nywele na ngozi sawasawa. Kioo cha fedha hurudisha zaidi ya asilimia 90, hiki cha kupenyeza ni 70. Mteja atajiona kachoka, rangi ya nywele atailalamikia, na kosa atalitupia mkono wako.

Baki na vioo vyako vya fedha. Juu au pembeni mwa kimoja, fungua dirisha la ukubwa wa skrini ya inchi 10 hadi 15: kioo kilazwe kifudifudi, rangi ya mgongoni ilainishwe kwa dawa ya kutoa rangi, kisha rangi na fedha vikwanguliwe kwa wembe bapa huku pakiwa pameloweshwa maji ya sabuni. Kingo zichorwe kwanza kwa rula ya chuma. Bandika tinti ya kuakisi nyuma ya dirisha hilo, skrini nyuma yake. Mpaka utaonekana kidogo, dirisha ni jeusi kuliko pengine. Kingo zilizokwanguliwa zipake vanishi siku hiyohiyo, la sivyo chumvi itaingia chini ya fedha na weusi utatambaa.

Kwa picha za mitindo tu huhitaji hata Pi. Tableti ya zamani inatosha, ila usitumie ile ambayo betri yake imevimba.

#8 Mkodishi_Mtwapa

Programu. Wengi hutumia MagicMirror², ya bure, iliyoanzishwa na Michael Teeuw wa Uholanzi. Kazi yake ni kuonyesha ukurasa mweusi wenye maandishi meupe uliogawanywa moduli: saa, kalenda, hali ya hewa, habari, salamu.

Hatua: sakinisha Raspberry Pi OS yenye sura kamili, kisha Node.js (mtambo unaoiendesha MagicMirror²) toleo la sasa. Vuta msimbo kwa `git clone https://github.com/MagicMirrorOrg/MagicMirror`, ingia folda hiyo, `npm run install-mm`, nakili `config/config.js.sample` uiite `config/config.js`, `npm run start`. Skrini ikibaki nyeusi tupu, mara tisa kati ya kumi ni mkato au mabano uliyoyasahau ndani ya config. `npm run config:check` itakuonyesha mstari. Ili ijiwashe yenyewe, iendeshe kwa pm2 (programu inayowasha nyingine), kisha `pm2 startup` na `pm2 save`.

Kulaza skrini ubavu: `wlr-randr --output HDMI-A-1 --transform 90`. Maelezo ya zamani yanayosema `display_rotate` yaache, hayasikilizwi tena na mfumo mpya.

Hali ya hewa isiyotaka ufunguo: `weatherProvider: "openmeteo"`, `lat: -4.05`, `lon: 39.67`. Kwenye salamu futa zile za Kiingereza, andika zako: `morning: ["Sabalkheri"]`, `evening: ["Masalkheri"]`.

Sasa saa. Wazee nyumbani hawataki kuona 7:00 wakati ni saa moja. Saa ya Kiswahili iko nyuma ya ile ya Kizungu kwa saa 6 kamili; sisi tuko UTC+3, yaani saa 3 mbele ya saa ya kimataifa, kwa hiyo ipe moduli eneo la UTC−3. Katika orodha ya maeneo alama zimegeuzwa, kwa hiyo unaandika `timezone: "Etc/GMT+3"`, ndiyo, kwa kujumlisha. Ongeza `timeFormat: 12`, `showPeriod: false`, `showDate: false`. Tarehe lazima uizime hapo, maana kwa saa hiyo siku itageuka saa kumi na mbili asubuhi. Weka moduli ya pili ya saa, ndogo, `timezone: "Africa/Nairobi"`, hiyo ndiyo itoe tarehe. Salamu hazitavurugika, zinafuata saa ya mfumo.

Maji kujaa na kupwa: usihangaike na moduli za nje. Chukua jedwali la maji la Kilindini, liandike kama faili la kalenda la .ics, moduli ya kalenda italisoma. Wavuvi na wapiga mbizi wataona bamvua wiki mbili mbele. Nyakati za swala waweza kuzileta vivyo hivyo kwa ratiba ya msikiti wenu.

Yote yakikaa sawa, fungua `raspi-config` uwashe mfumo wa faili wa kusoma tu, uitwao Overlay. Stima ikatike itakavyo, kadi haiandikwi. Uzime kwanza kila unapotaka kubadilisha kitu, la sivyo ukiwasha upya kazi yako yote imepotea.

#9 kijana_wa_Makupa

Na kihisi cha kuwasha skrini mtu akipita? Nimesikia HC-SR501 ikifichwa nyuma ya kioo.

#10 Stima_Kibokoni

Haitaona kitu. Hiyo husoma joto la mwili, na mawimbi hayo hayapenyi kioo wala akriliki. Toboa tundu kwenye fremu, kichwa cheupe kitokeze. Hutaka volti 5, waya wake wa habari hutoa volti 3.3, kwa hiyo wauingiza Pi moja kwa moja. Ina skrubu mbili: moja ya umbali, hadi mita 7, nyingine ya muda, kuanzia sekunde chache hadi dakika 5. Muda weka mdogo kabisa, programu ndiyo ihesabu dakika. Ikiwashwa ingoje dakika nzima, mwanzoni hupiga kelele za uongo.

#11 Mkodishi_Mtwapa

Kwa Mombasa siikubali sana hiyo, ami. Inatofautisha joto la mwili na la ukuta. Mchana wa kaskazi ukuta uko nyuzi 33, mtu ni 34 usoni, haimwoni hadi afike karibu. Tena feni ikipuliza hewa ya moto inaiamsha. LD2410 ni rada, inamwona hata mtu aliyekaa kimya.

#12 Stima_Kibokoni

Nakubali kuhusu joto. Lakini rada isiwekwe nyuma ya utando wa metali wa kioo, mawimbi hurudi. Nayo ikae kwenye fremu, nyuma ya plastiki au mbao nyembamba. Na ipunguze masafa kwenye mipangilio yake, rada hupita ubao na lipu. Utaamshiwa skrini na jirani anayepita koridoni.

#13 Mhudumu_Nyali

Sisi ni hoteli: vyumba vya wageni, bafuni na chumbani. Vioo vyetu vya taa huwa na ukungu na pembe nyeusi. Tatizo ni la kiwanda?

#14 FundiVioo_Tudor

Pembe nyeusi mara nyingi ni gundi. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hula fedha. Nunua ile isiyo na harufu hiyo, iliyoandikwa kuwa ni ya vioo. Usizibe kioo chini kwenye kigae. Acha milimita 3 maji yasipande. Kausha ukingo wa chini kila usafi.

Ukungu wa chumbani sababu yake ni AC. Hewa yetu huanza kutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 23 hadi 25. Chumba kimepozwa hadi 19, mgeni akafungua mlango wa roshani, kioo kinalowa papo hapo, na nyuma ya kioo pia, juu ya bodi. Kwa hiyo Pi na kompyuta za ndani zisizimwe kabisa. Joto lake dogo ndilo linalozuia umande. Vifuko vya silika havisaidii kwenye fremu yenye matundu, vinashiba mapema na kubaki mapambo. Bodi ipigwe vanishi ya kielektroniki, soketi zake zikizibwa kwa tepu kwanza.

Bafuni usiweke kazi ya kujitengenezea yenye volti 240. Nunua kilichokamilika chenye IP44 (alama ya kinga dhidi ya maji ya kurushwa) au zaidi, kiwe angalau sentimita 60 kutoka kwenye shawa, na mzunguko wake ulindwe na swichi ya kukata stima kwa uvujaji wa miliampea 30. Vingi vinavyouzwa kwa jina la kioo janja ni taa, pedi ya kuondoa ukungu na spika tu. Kwa bafu la hoteli hiyo ndiyo inayotakikana, wala usilipie zaidi.

#15 Duka_Biashara_Street

Nataka mteja ajione amevaa buibui bila kuvaa. Yawezekana kwa Pi?

#16 Mkodishi_Mtwapa

Kwa Pi, hapana. Hiyo hutaka kamera inayopima kina, kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, na kila vazi lichorwe upya kwa kompyuta. Buibui ni kitambaa kinachoanguka na kufuata mwendo, ndicho kigumu kuliko vyote kuigiza. Matokeo hufanana na kibandiko kifuani. Kioo kinachopitisha picha za mzigo mpya na bei zake kitakuuzia zaidi.

Na kamera yoyote inayotambua nyuso inakuingiza kwenye Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Alama za mwili ni data nyeti, wahitaji ridhaa ya wazi ya mteja. Karibu na chumba cha kujaribia nguo usiweke kamera hata ya mchezo.

Angalia pia nani anashika seva. Lululemon waliinunua Mirror, kioo cha mazoezi, kwa dola milioni 500 mwaka 2020. Mwaka 2023 wakatangaza kuacha kukiuza. Kioo kinachotegemea akaunti ya kampuni kina umri wa kampuni hiyo.

#17 kijana_wa_Makupa

La mwisho. Stima ikirudi, monita inawaka lakini hakuna picha mpaka nichomoe Pi.

#18 Stima_Kibokoni

Pi imeamka kabla ya monita, ikatazama HDMI, ikaona hakuna mtu. Fungua `/boot/firmware/cmdline.txt`, na mwishoni mwa mstari uleule mmoja, baada ya nafasi, ongeza `video=HDMI-A-1:1920x1080@60D`. Hiyo D inailazimisha kutoa picha hata isipoona monita. Usibonyeze Enter kabla yake. Faili hilo likiwa na mistari miwili huenda Pi isiwake. Overlay iwe imezimwa wakati unaandika.